Umeoa ama Kuolewa na Raia wa Ulaya? Hivi Ndivyo Unapata Kadi ya Ukaaji, na Hivi Ndivyo Huipotezi

Harusi imeisha, picha zimeangushwa kwa mtandao, na mbogi ya mtaa tayari inakuita "wa majuu". Kitu hakuna mtu hupost ni kadi ya ukaaji. Ni plastiki ndogo saizi ya kitambulisho, iko na picha yako, chipu na alama za vidole. Mwajiri ataiuliza, benki itaiuliza, na ofisa wa mpakani ataiuliza kila ukirudi kutoka kusalimia wazazi.

Wasee wengi hufikiria ni bae hupeana hii kadi. Wanaenda majuu wakiamini yeye ndiye ameshika maisha yao mkononi, na siku mambo yakichacha wanavumilia hata vitu hazifai kuvumiliwa. Ukweli ni kwamba kadi inatolewa na sheria, na sheria iko na tarehe zake: siku unaruhusiwa kuingia, siku unaruhusiwa kufanya kazi, na siku unaanza kusimama kivyako hata ndoa ikivunjika. Tarehe hizo si sawa kwa kila mtu. Zinategemea mlango umeingilia.

Tumechukua Ujerumani kama mfano, kwa sababu ni nchi iko na milango yote miwili na Wakenya wengi wanaijua. Soma pole pole, halafu mtumie yule cousin yako ambaye tayari anatafuta tikiti.

Swali la kwanza: bae ni raia wa wapi, na mnaenda kuishi wapi?

Usianze na fomu. Anza na hili swali, kwa sababu jibu lake ndilo linaamua kila kitu kinachofuata.

Mlango wa kitaifa. Ni wakati mwenzako anaishi kwao. Mjerumani anaishi Ujerumani, Mfaransa anaishi Ufaransa. Hapa unafuata sheria za uhamiaji za hiyo nchi tu. Haijalishi kama huyo Mjerumani ni mzungu ama ni jamaa wa Kakamega aliyechukua uraia miaka mingi iliyopita. Pasipoti ndiyo inahesabika.

Mlango wa EU. Ni wakati mwenzako ni raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya lakini anaishi katika nchi nyingine ya huo Umoja. Mtaliano anapiga kazi Berlin. Mjerumani amehamia Hispania. Hapa unalindwa na sheria ya Ulaya ya mwaka wa 2004, Maagizo nambari 2004/38, ambayo inafanya kazi pia Norway, Iceland na Liechtenstein.

Ndiyo maana manzi wa Kayole aliyeolewa na Mtaliano wa Berlin anaweza kupata karatasi rahisi kuliko rafiki yake aliyeolewa na Mjerumani wa hapo hapo Berlin. Inakaa vichekesho, lakini ndivyo ilivyo. Sheria ya Ulaya inalinda mtu anayevuka mpaka kwenda nchi nyingine. Aliyebaki nyumbani anaachiwa serikali yake.

Kuna njia ya katikati pia. Kama mliishi pamoja kweli kweli Hispania, si wikendi mbili za kupiga picha ufuoni, halafu Mjerumani wako akaamua mrudi kwao, sheria za EU zinaweza kukufuata hadi Ujerumani. Mahakama ya Ulaya ilisema hivyo mwaka wa 1992, na mwaka wa 2014 ikaongeza kwamba maisha hayo ya nchi ya pili lazima yawe ya ukweli.

Kama bae ni Mwingereza ama Mmarekani, hii milango miwili si yako. Uingereza ilitoka kwa mfumo wa EU, na Marekani iko na mpango wake kabisa.

Kabla ya kutoka Nairobi: ndoa iwe kwa karatasi

Come-we-stay haitambuliki hapa. Mnaweza kuwa mmekaa kwa keja moja Umoja miaka sita na mko na watoto wawili, lakini ofisi za Ujerumani zitauliza cheti cha ndoa. Mlango wa EU unaambia nchi zifikirie pia wapenzi walio kwa uhusiano wa kudumu, lakini hiyo ni kufikiriwa tu. Aliye na cheti ako na haki kamili.

Ukifunga ndoa ya kiserikali Kenya, ilani hutolewa angalau siku 21 kabla ya siku yenyewe. Ndoa ya kienyeji pia ni ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, lakini lazima isajiliwe ndio upate cheti. Mbuzi waliopelekwa ocha hawawezi kuskeniwa. Kama mtafungia ndoa huko majuu, utaulizwa cheti cha kuonyesha hakuna kizuizi cha wewe kuoa ama kuolewa, na hicho hutolewa na Msajili wa Ndoa pale Sheria House.

Halafu cheki majina. Kama kitambulisho kinasema jina moja, cheti cha kuzaliwa kingine, na pasipoti imeacha jina la tatu, rekebisha sasa hivi ukiwa hapa. Ujerumani haiangalii tu muhuri wa karatasi za Kenya. Huwa inazichunguza, na uchunguzi unaweza kufika hadi kwa ofisi iliyotoa cheti. Mchakato huo unakula wakati na pesa, na karatasi ya River Road huwa haitoboi.

Mlango wa kitaifa, hatua kwa hatua

1. Kijerumani cha A1. Kwa kawaida mke ama mume wa Mjerumani lazima aonyeshe cheti cha A1 kabla ya kupewa visa. Ni Kijerumani cha kuanzia: kujitambulisha, kuuliza bei, kujaza fomu rahisi. Mtihani uko na kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na unapita ukipata alama 60 kwa 100. Goethe-Institut ya Nairobi hufundisha na kutahini.

2. Visa ya kujiunga na familia. Unaomba visa ya kitaifa, si ile ya utalii. Usidanganywe ati "ingia na ya utalii utabadilisha huko". Mara nyingi utaambiwa urudi Nairobi uanze upya. Na habari njema ni hii: mke ama mume wa raia wa Ujerumani halipi ada ya visa hii. Mtu akikuitisha chapaa ya "kununua visa", huyo anajilisha.

3. Kujisajili kwa mtaa. Ukifika, uko na wiki mbili tangu uhamie kwa nyumba kusajili anwani yako. Wanaita Anmeldung. Utahitaji karatasi ya mwenye nyumba inayosema kweli unaishi hapo. Bila usajili huu mambo mengine hayasongi.

4. Ofisi ya wageni. Inaitwa Ausländerbehörde. Buku nafasi mapema, kwa sababu foleni za miji mikubwa ni noma. Beba pasipoti, cheti cha ndoa na tafsiri yake, uthibitisho wa anwani, bima ya afya na kitambulisho cha mwenzako. Watachukua alama za vidole, kisha kadi inachapishwa na kiwanda cha serikali, Bundesdruckerei, kule Berlin.

5. Ukisubiri. Kama visa inakaribia kuisha na kadi haijatoka, omba kabla ya tarehe ya mwisho na uitishe karatasi inaitwa Fiktionsbescheinigung. Jina ni refu, kazi yake ni fupi: inasema uko kihalali hadi watoe uamuzi. Soma imeandikwa nini kabla ya kusafiri nayo, kwa sababu si kila aina inakuruhusu kurudi.

Kadi yenyewe inaitwa Aufenthaltserlaubnis. Inakuruhusu kufanya kazi yoyote halali, kuajiriwa ama kujiajiri, bila kuomba kibali kingine cha kazi. Kwa kawaida sheria pia haidai Mjerumani wako awe na mshahara wa kiwango fulani ndio uruhusiwe kuja. Utapelekwa darasa la kuingiliana na jamii, ambalo kwa mpango wa kawaida lina masaa 600 ya lugha na 100 ya historia, sheria na maisha ya nchi. Usiliogope hilo darasa. Ndilo litakufanya uweze kusoma barua zako mwenyewe.

Mlango wa EU, hatua kwa hatua

Hapa mambo ni mepesi, lakini lazima mwenzako awe anatumia haki yake kweli. Hiyo inamaanisha anafanya kazi, amejiajiri, anasoma, ama ako na pesa za kujikimu na bima ya afya katika hiyo nchi ya pili.

1. Visa ya kuingia. Ni bure, na sheria inasema itolewe haraka iwezekanavyo. Hakuna mtihani wa lugha. Ubalozi ukikuuliza cheti cha A1, waonyeshe kwa upole kwamba bae ni Mtaliano anayeishi Ujerumani.

2. Ombi la kadi. Ukipanga kukaa zaidi ya miezi 3, unaomba kadi ya ukaaji ya mwanafamilia wa raia wa EU. Ujerumani wanaiita Aufenthaltskarte. Karatasi kuu ni tatu: pasipoti yako, cheti cha ndoa, na uthibitisho kwamba mwenzako anaishi hapo kihalali. Ofisi haifai kuanza kukuitisha rundo la vitu nje ya orodha ya sheria.

3. Risiti ya ombi. Lazima upewe hapo hapo karatasi ya kuonyesha umeomba. Usiondoke bila hiyo.

4. Kadi. Inafaa kutoka ndani ya miezi 6 tangu uombe. Inadumu miaka 5, ama muda ule mwenzako amepanga kukaa kama ni mfupi zaidi. Ada haiwezi kupita ile wananchi wenyewe hulipia kitambulisho kama hicho.

Sasa sikiza hapa vizuri. Kwa mlango wa EU, kadi haikupi haki. Haki ulishaipata siku ulijiunga na mwenzako. Kadi inaionyesha tu. Kwa hivyo unaruhusiwa kufanya kazi hata kabla plastiki haijatoka, na kuchelewa kwa ofisi hakukufanyi kuwa mtu haramu. Mwaka wa 2008, katika kesi ya Metock iliyotoka Ireland, mahakama ya Ulaya iliamua hata kwamba mwenzi hahitaji kuwa aliishi kihalali katika nchi nyingine ya EU kwanza.

Kwa mlango wa kitaifa ni kinyume. Hapo kibali ndicho kinakupa haki. Ukikiacha kiishe bila kuomba kingine, umejichoma.

Mahojiano: watauliza mnalala upande gani wa kitanda?

Ofisi zote mbili zinaruhusiwa kuchunguza kama ndoa ni ya ukweli ama ni ya karatasi. Wakishuku, wanaweza kuwahoji kila mtu kwa chumba chake kisha walinganishe majibu. Mlikutana wapi? Nani hupika? Mama mkwe anaitwa nani? Jana mlidishi nini?

Dawa si kukariri. Wanandoa wa ukweli pia husahau tarehe. Beba historia yenu jinsi ilivyo: tikiti za ndege, jumbe za zamani, picha na familia zote mbili, rekodi za pesa mlizotumiana. Kama hukumbuki, sema hukumbuki. Uongo mdogo wa kupamba story ndio huangusha watu. Ndoa ya kununua kadi ikigunduliwa, kibali kinaweza kukataliwa ama kufutwa hata kama tayari umekipata.

Mapenzi yakiharibika

Hapa ndipo watu wengi hulala. Ile kauli ya "nitapiga simu moja tu na kesho uko Nairobi" imefanya wasee wengi wakae kwa nyumba zenye kichapo. Weka hii kwa kichwa: mwenzako hawezi kufuta kadi yako. Anaweza kuripoti kwamba mmeachana, ndiyo. Lakini uamuzi ni wa ofisi, unafaa kuja kwa maandishi, na unaweza kukatiwa rufaa. Muda wa rufaa huandikwa kwa barua yenyewe na Ujerumani mara nyingi ni mwezi mmoja, kwa hivyo usiache barua ikilala kwa meza.

Kwa mlango wa kitaifa, Ujerumani: unapata haki yako mwenyewe mkishaishi pamoja kama wanandoa, ndani ya Ujerumani, angalau miaka 3. Miaka mliyokaa mmeoana yeye Munich na wewe Rongai haihesabiki. Mkitengana kabla ya hapo, ofisi inaweza kufupisha kibali chako. Lakini kuna msamaha wa shida kubwa, na sheria inataja wazi mtu aliyefanyiwa ukatili nyumbani. Huhitaji kuvumilia hadi mwaka wa tatu ndio uondoke. Mwenzako akifariki mkiwa bado mnaishi pamoja, pia hulazimiki kufikisha hiyo miaka.

Kwa mlango wa EU: kutengana peke yake hakukuondolei haki. Mahakama ya Ulaya ilisema tangu 1985 kwamba wanandoa si lazima waishi kwa nyumba moja. Mkienda hadi talaka, unabaki na haki kama ndoa ilikuwa imefikisha miaka 3 kabla ya kesi kuanza, na angalau mwaka 1 kati ya hiyo mliishi katika hiyo nchi. Hapa miaka ya Rongai inahesabika, kwa sababu saa inaanza siku ya harusi. Kuna njia nyingine pia, kama umeachiwa malezi ya watoto ama ulifanyiwa ukatili. Baada ya hapo, uonyeshe unafanya kazi ama unajikimu.

Kuna mtego mmoja: kama mwenzako anahama nchi kabla kesi ya talaka haijaanza, unaweza kupoteza haki hiyo. Mahakama iliamua hivyo mwaka wa 2015. Ukisikia anafunga mabegi na ndoa imekufa, ona wakili wiki hiyo hiyo.

Kama ni kichapo, matusi ya kila siku ama kufungiwa ndani, weka ushahidi: ripoti ya daktari, ripoti ya polisi, jumbe, barua kutoka kwa nyumba ya hifadhi ya wanawake, inaitwa Frauenhaus. Wanawake walio Ujerumani wanaweza kupiga 116 016, bure, mchana na usiku, na kuna wanaoongea Kiingereza. Pasipoti yako haifai kushikwa na mtu mwingine. Ikifichwa, nenda polisi, kisha ubalozi wa Kenya Berlin.

Ushauri wa karatasi pia hupatikana bure kwa ofisi za Caritas, Diakonie na AWO. Kama shida ni ofisi kukataa kufuata sheria za EU, kuna huduma ya bure ya Umoja wa Ulaya inaitwa SOLVIT.

Usiipoteze kwa kukaa ocha sana

Kibali cha kitaifa cha Ujerumani kwa kawaida kinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6 bila idhini. Kadi ya EU inaruhusu jumla ya miezi 6 kwa mwaka, na hadi miezi 12 mara moja kwa sababu nzito kama uzazi, ugonjwa mbaya, masomo ama kazi. Kwa hivyo kama unarudi kumuuguza mzazi na huoni utarudi lini, andikia ofisi kabla hujapanda ndege.

Baada ya hapo?

Kwa mlango wa EU, ukifikisha miaka 5 ya kuishi kihalali unapata ukaaji wa kudumu. Kadi yake ni ya miaka 10, na haki hiyo hupotea ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kwa mlango wa kitaifa, mke ama mume wa Mjerumani anaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka 3, kama bado mnaishi pamoja na unajua Kijerumani cha kutosha.

Uraia nao unaweza kuombwa baada ya kuishi huko miaka 3, ndoa ikiwa na angalau miaka 2, pamoja na masharti mengine kama lugha ya B1. Tangu Juni 27, 2024, Ujerumani haikulazimishi tena kuacha uraia wa Kenya, na Katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Lakini Mkenya wa kuzaliwa akichukua uraia mwingine anafaa kuijulisha serikali ya Kenya ndani ya miezi 3. Kukaa kimya ni kosa.

Kwa ufupi kabla ya kubuku tikiti

- Jua mlango wako: kitaifa ama EU.
- Beba cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa na tafsiri zake, majina yakiwa sawa kila mahali.
- Piga picha ya kila karatasi na ujitumie kwa barua pepe ambayo wewe pekee unajua neno lake la siri.
- Fungua akaunti ya benki yako mwenyewe mara tu unaruhusiwa.
- Andika tarehe tatu kwa simu: siku ya harusi, siku mlianza kuishi pamoja huko, na siku kadi inaisha.
- Jifunze lugha hata kama hujalazimishwa.

Hizo tarehe tatu zisibaki kwa simu yako tu. Mtumie mtu mmoja huku nyumbani unayemwamini, mama, dada ama beshte, na umwambie zinamaanisha nini. Siku utapiga simu usiku ukilia, awe anajua cha kukuuliza.